Je, msomaji wa riwaya ya kusikiliza aigize sauti za wahusika, au asome kwa sauti yake moja?

Fundi wa Ngamiani

Ndugu wasomaji, habari za siku nyingi. Mimi ni fundi cherehani mjini Tanga, na kwa miaka mingi riwaya kwangu ilikuwa kitu cha usiku, cha kufunguliwa baada ya kufunga kibanda na kuosha vyombo, mpaka usingizi unishinde katikati ya ukurasa. Tangu mwaka juzi nimeanza kusikiliza riwaya mchana nikiwa kazini, kwa sababu mikono na macho ya fundi hufungwa na kitambaa ilhali masikio yake hayana shughuli. Nimezifurahia sana saa hizo. Lakini kusikiliza kumenizulia swali ambalo kusoma hakukuwahi kunizulia, nami naomba mnisaidie kulitafakari: mtu anayesoma riwaya kwa ajili ya wasikilizaji, je, inafaa awaigize wahusika, kila mmoja kwa sauti yake, au akisome kitabu chote kwa sauti yake mwenyewe?

Swali hili limetokana na rekodi mbili. Ya kwanza ni ya riwaya moja ya Unguja ambayo nilikwisha kuisoma mara tatu, na sitaitaja kwa kuwa sipendi kumvunjia heshima aliyeisoma. Bwana huyo alikuwa na sauti nzuri na bidii kubwa. Wanawake wote aliwasemesha kwa sauti nyembamba ya puani, wazee wote walikohoa, na tajiri wa mtaa aliunguruma tangu neno lake la kwanza. Nilivumilia mpaka tukafika mahali ambapo mama mmoja anatolewa nyumbani mwake usiku. Mwandishi hasemi popote kwamba mama yule alilia. Anaeleza tu kwamba alirudi kuchukua kanga iliyokuwa imeanikwa, akaikunja, akaondoka. Kila niliposoma pale, mimi ndiye niliyelia. Safari hii msomaji aliyatamka maneno hayohayo kwa kwikwi, sauti ikimtetemeka, nami nikabaki nikimsikiliza yeye akilia huku macho yangu yakiwa makavu. Nilizima simu, nikamalizia pindo la gauni katika kimya.

Nimejiuliza sana ni kitu gani kilichoniudhi, maana msomaji hakuongeza hata neno moja ambalo halikuwamo kitabuni. Nadhani ni hiki: mwandishi alikuwa amezuia machozi kwa makusudi ili yaniangukie mimi, na msomaji akayamwaga kabla hayajanifikia. Jambo hilohilo huwapata wahusika waovu. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Bwana Maksuudi ni mtu mwenye heshima mbele ya watu na ni jabari ndani ya nyumba yake, na uchungu wa kisa chake umo humo, kwamba walimwengu wanamwona kwa sura moja, mkewe na bintiye wanamwona kwa nyingine. Msomaji akimpa sauti ya fisi tangu ukurasa wa mwanzo, msikilizaji atashindwa kuelewa kwa nini mji mzima unamwamkia.

Kutokana na hayo nilidhani jibu langu nimelipata: isomwe kwa sauti moja, basi. Ndipo nilipoletewa rekodi ya pili, iliyosomwa na dada mmoja mtulivu sana, asiyepandisha wala kushusha sauti, na baada ya nusu saa nikapotea kabisa. Palikuwa na mazungumzo ya watu watatu, mume, mke na shemeji, na kila mmoja alikuwa "akasema", "akajibu", "akamwuliza". Nilirudisha nyuma mara mbili na bado sikujua ni nani aliyekuwa akimtuhumu nani. Kwenye karatasi nisingepotea, kwa kuwa alama za kufungua na kufunga usemi zingeniongoza, na kila msemaji angeanza mstari wake.

Sasa nimekaa katikati. Wenzangu mnaosikiliza, na hasa wale mnaofahamu lugha na usomaji kuliko mimi, mnaonaje?

---

Mwalimu wa Kisauni

Dada Fundi, nimefundisha fasihi kwa miaka mingi hapa Mombasa, na wewe kwa kupotea kwako katika mazungumzo ya watu watatu umegusa jambo ambalo ni la Kiswahili chenyewe, wala si kosa la dada yule peke yake. Kiambishi chetu cha "a-" hakibagui mwanamume na mwanamke. Zipo lugha ambazo neno dogo tu linalotangulia kitenzi linatosha kumjulisha msikilizaji kama aliyesema ni mume au mke, lakini sisi tukisema "akasema" tumemaanisha mtu yeyote aliye hai, pamoja na sungura wa hadithi. Zaidi ya hayo, waandishi wetu mara nyingi huliweka neno "alisema" baada ya usemi wenyewe. Jicho halisumbuliwi na mpangilio huo, kwa sababu linaona mstari mzima kwa pamoja. Sikio hupokea neno moja baada ya jingine, kwa hiyo linaelezwa ni nani aliyesema wakati maneno yake yamekwisha kupita.

Kwa sababu hiyo mimi siamini kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kusomwa kwa sauti iliyonyooka kama uzi tangu mwanzo hadi mwisho. Lazima sauti ifanye kazi ambayo sarufi haikuifanya. Lakini kazi hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na haina haja ya kukohoa wala kuunguruma. Inatosha msomaji ampe mmoja kasi kidogo na mwenzake utaratibu, mmoja amsomee karibu na maikrofoni na mwingine mbali kidogo, na kabla ya kubadilisha msemaji avute pumzi ambayo msikilizaji ataihisi hata asipoitambua. Nimewahi kuwafanyisha wanafunzi wangu zoezi hili darasani bila ya wao kubadilisha sauti zao hata chembe, isipokuwa kasi, na wenzao waliokuwa wamefumba macho waliwatambua wasemaji wote.

Katika upande mwingine sarufi yetu inalihurumia sikio. Msomaji akitamka "kilichovunjika", nimekwisha kujua kwamba anazungumzia kikombe na si sahani, hata kama sentensi imekuwa ndefu na kikombe kimetajwa mbali huko nyuma. Ngeli ni kamba ambayo msikilizaji anaishika gizani. Neno "paa" likiandikwa halionyeshi kama ni la nyumba au ni mnyama, lakini "paa alianguka" na "paa lilianguka" hazimchanganyi mtu. Na hapa pwani wenyeji hutofautisha hata neno lenyewe, kwa kuwa la mnyama hutamkwa kwa mpumuo na la nyumba bila mpumuo. Msomaji aliyelelewa katika lugha hufanya hivyo bila kufikiri.

Hapo ndipo malalamiko yangu makubwa yalipo, nami naomba mnivumilie kwa kuwa jambo hili linanikera kweli. Nimesikiliza rekodi ambamo "dhana" imetamkwa "zana", na falsafa ya mwandishi ikageuka kuwa majembe na nyundo. Nimesikia kijana anayehangaika kutafuta mahari akisomwa kuwa anatafuta mahali, kana kwamba shida yake ilikuwa chumba cha kupanga. Nimesikia "barabara" ya kupita magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa zikiwekewa mkazo uleule, wakati ile ya pili mkazo wake uko nyuma zaidi. Sauti ya mtu ni zawadi aliyopewa, lakini matamshi ni kazi ya kujifunza, na wengi wa wale wanaotamka vizuri dh, th, gh na kh walinyooshwa ndimi wakiwa wadogo chuoni, kwa kusomeshwa Kurani herufi kwa herufi. Asiyepitia huko anaweza kujifunza vilevile, ila ni lazima akiri kwanza kwamba kuna cha kujifunza.

Neno la mwisho linahusu mashairi yaliyomo ndani ya riwaya. Waandishi wetu wanapenda kuweka beti za shairi au wimbo wa taarabu katikati ya masimulizi, na wasomaji wengine huamua kuziimba. Mimi naona wasiimbe. Wasome kwa mizani, vina vikipumzishwa mahali pake, kwa sababu mahadhi ambayo mhusika aliyasikia hatukupewa, na kila msomaji atakayebuni ya kwake atakuwa ameandika kitu kipya juu ya kile kilichoandikwa.

---

Mpenzi wa Bwana Msa, Maskati

Asalamu alaikum. Dada Fundi na Mwalimu, nimewasoma kwa heshima, lakini mimi nitasimama upande wa pili.

Wazee wangu walihamia huku Omani kutoka Unguja baada ya mwaka 1964, na sisi watoto tulikizungumza Kiswahili nyumbani huku shule tukisoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Hakuna aliyetufundisha kukisoma Kiswahili. Mpaka leo ukurasa mmoja unanichukua muda mrefu, nikiufuata kwa kidole kama mtoto, ilhali mtu akinisomea naelewa kila kitu, na mara nyingi nasikia na kile ambacho hakukisema. Kwangu mimi riwaya ya kusikiliza si badala ya kitabu. Ndiyo njia pekee niliyonayo ya kuingia katika kitabu hicho.

Na masikio yangu yalifunzwa na bibi yangu. Alipotutolea hadithi baada ya magharibi, alituanzia kwa "Paukwa", nasi tukaitikia "Pakawa", na tangu hapo hapakuwa na bibi tena. Palikuwa na zimwi, palikuwa na mwana wa mfalme, palikuwa na kizee kisicho na meno, na kila mmoja alikuwa na sauti yake. Tulipokuwa tunaogopa, tulimwogopa zimwi, hatukumwogopa yeye. Kwa hiyo msomaji anapojizuia asiigize, mimi nahisi kwamba hakunipa kitu nilichostahili kupewa, kana kwamba nimekaribishwa mezani nikaelezwa chakula kilivyo.

Ninalotaka zaidi ya yote ni lafudhi ya mahali. Waandishi wa Unguja waliwaandikia wahusika wao mazungumzo kama yanavyosemwa: "mie", "n'takwambia", "hebu njoo n'kuone". Nimewahi kusikiliza rekodi ambayo msomaji aliyasahihisha maneno hayo yote, kila "mie" ikawa "mimi", kila "n'takwambia" ikawa "nitakuambia", na nyumba niliyokuwa nimeizoea tangu utoto ikageuka kuwa ofisi. Ikiwa msomaji hakuzaliwa Unguja hiyo si aibu, lakini asikirekebishe kilichoandikwa.

Nakubaliana nanyi katika jambo moja, nalo ni hadithi za upelelezi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa mwaka 1960 na ikamleta Bwana Msa pamoja na kiko chake, na tangu hapo sisi tunaopenda visa vyake tunataka kushindana naye katika kugundua siri. Msomaji wa kisa kama hicho bila shaka amekisoma chote kabla ya kurekodi, kwa hiyo anamjua mwenye hatia. Sauti yake ikimbadilikia mtu huyo hata kidogo katika sura ya pili, mchezo umeharibika. Anatakiwa ajue na asijue kwa wakati mmoja.

---

Fundi wa Ngamiani

Waalaikum salaam, kaka yangu wa Maskati. Maneno yako kuhusu bibi yamenigusa, kwa sababu na mimi nilikuwa na bibi wa namna hiyo, na sikuwahi kumwona kuwa anazidisha. Sasa najiuliza kwa nini kuigiza kwake kulinifurahisha na kuigiza kwa yule bwana wa rekodi kukaniudhi. Labda ni kwa sababu hadithi ya bibi haikuwa na mwandishi mwingine isipokuwa yeye aliyekuwa akiitoa usiku ule. Angeweza kumliza nani na kumnyamazisha nani kwa kadiri alivyotuona sisi nyusoni. Riwaya ina mtu mwingine nyuma yake, ambaye alikwisha kuamua ni wapi pa kulia na ni wapi pa kunyamaza. Sijui kama wewe unaiona tofauti hiyo.

---

Mstaafu wa Morogoro

Wanangu, nimesomewa mazungumzo yenu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia haya. Nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kusoma kwa macho, kwa hiyo nimeishi pande zote mbili.

Inafaa tukumbuke kwamba vitabu vya sauti havikuanzishwa kwa ajili ya watu wenye mikono iliyoshughulika. Vilianzishwa kwa ajili yetu. Nchini Uingereza vilianza kutolewa mwaka 1935 kwa wasioona, wakiwamo askari waliopofushwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na santuri za wakati ule zilibeba takribani dakika 25 kila upande, hivyo riwaya moja ilikuwa furushi la santuri. Katika vitabu vya namna hiyo msomaji ni macho ya kuazima. Ananisomea kilichoko kwenye ukurasa, na hukumu inabaki kuwa yangu, kama ambavyo mtu anayenishika mkono kunivusha barabara hanichagulii mahali pa kwenda. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaorahisisha utengenezaji wa nakala za vitabu kwa wasioona bila kukwamishwa na hakimiliki, umejengwa juu ya haki hiyohiyo: kukipata kitabu kama kilivyo.

Nawaelezeni jambo lililonitokea. Riwaya nyingi za Kiswahili hazijawahi kurekodiwa na mtu yeyote, kwa hiyo mara nyingi natumia programu ya kompyuta inayosoma maandishi. Sauti yake haina huzuni wala furaha, na baadhi ya maneno inayavunja mahali pasipofaa. Kwa sauti hiyo isiyo na uhai nilisomewa *Kichwamaji* ya Euphrase Kezilahabi, ile ya mwaka 1974 ambayo Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na ilinibidi kuisimamisha mara kadhaa kwa sababu ya uzito wa maneno yale. Kazimoto ni mtu ambaye moyo wake umekauka, na mashine haikuwa na namna ya kumlainisha. Tangu siku hiyo naamini kwamba maneno yaliyoandikwa vizuri yanaweza kujisimamia kuliko wasomaji wengi wanavyoyaamini.

Hata hivyo sijasema kwamba mashine yatosha. Kuna kitu kimoja ambacho haikuweza kunipa, na ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekitaja, nacho ni kimya. Nilipokuwa na macho, sura ilipokwisha niliona nafasi nyeupe chini ya ukurasa, na macho yangu yalipumzika pale kabla ya kufungua ukurasa mwingine. Aya iliyosimama peke yake niliiona imesimama peke yake. Mashine inatoka katika kifo cha mtu na kuingia katika asubuhi ya siku ya pili bila kumeza mate. Lakini hata wasomaji wenye uhai hufanya hivyo, au huwa walinyamaza vizuri na aliyehariri rekodi akakikata kimya chao kwa kudhani ni hitilafu. Wengine wenu mnaongeza kasi ya kusikiliza ili mmalize mapema. Maneno ya Kiswahili hustahimili, kwa kuwa silabi zetu huishia kwa irabu na husikika hata zikikimbizwa, ila vituo ndivyo vinavyokufa. Mimi ningependa kusomewa na mtu wa sauti ya kawaida anayejua kunyamaza kwa sekunde tatu nzima kuliko mwigizaji hodari asiyejua.

Kwako kijana wa Maskati, sikukatalii bibi yako. Wewe unaingia kwenye kitabu kwa mara ya kwanza kwa njia ya sikio, mimi narudi kwenye vitabu nilivyokuwa navyo. Huenda haja zetu hazifanani. Lakini vitabu kama *Nagona* ya Kezilahabi huyohuyo, ambavyo fumbo limepandwa juu ya fumbo, sidhani kama vitakufaa wewe wala mimi vikiigizwa, kwa sababu hatutapata nafasi ya kusimama na kuuliza tumesikia nini.

---

Mpenzi wa Bwana Msa, Maskati

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kimya nimelikubali bila masharti, na sasa nakumbuka kwamba bibi naye, kabla zimwi halijagonga mlango, alikuwa akinyamaza mpaka tukamshika nguo. Juu ya kuigiza bado sijahama, ila nitamsikiliza msomaji mtulivu mpaka mwisho wa kitabu kabla ya kumhukumu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

---

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimejaribu jambo jana na ninalileta hapa kama lilivyotokea.

Nina wasichana wawili ninaowafundisha kushona. Niliwasomea mazungumzo ya Bi Tamima na Maimuna kutoka katika *Utengano*, kurasa mbili tu, wakiwa wameinamia cherehani zao ambazo niliwaomba wazisimamishe. Mama nilimpa utaratibu na binti nikampa haraka kidogo, kama alivyoshauri Mwalimu, bila kubadilisha sauti, na kila msemaji alipobadilika nilivuta pumzi. Wote wawili walijua ni nani aliyekuwa akisema, ingawa hakuna aliyewahi kukisoma kitabu hicho. Mwishoni nilinyamaza, nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Nilipokuwa nahesabu niliona jinsi ilivyo vigumu, maana nilitamani sana kusema neno ili kuwaonyesha kwamba pale pana huzuni. Sikusema. Yule mdogo akauliza kama nitaendelea kesho, na yule mkubwa aliinuka akaenda kusimama mlangoni kwa muda, akirudi hakueleza kitu, akaendelea kutunga uzi.

Leo asubuhi nimeirudia rekodi ya yule dada mtulivu, tangu pale nilipopotea. Nimesikia kwamba huwa anavuta pumzi kabla ya kila msemaji, kidogo mno, na kelele za cherehani yangu ndizo zilizokuwa zikiifunika.